Magoti ya Mwalimu Hamdu

Mvungu wa kitanda ni mahali pa ajabu. Huko ndiko kinakokwenda kiatu kimoja siku ya safari, na kifungo cha shati siku ya arusi. Mtu anaweza kusimama wima katikati ya chumba akakiita kiatu hicho, akakitishia, hata akakisomea vyeti vyake vyote vya shule, kiatu hakitatoka. Wahenga waliliona hilo wakatuachia neno fupi: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kwamba anayetaka kitu kilichofichika, kiwe mali, elimu au heshima, hana budi kujishusha na kukitaabikia. Wengi wetu tuliandika methali hii madaftarini, tukapewa alama ya vyema, kisha tukaendelea kusimama wima. Mmoja wetu alikuwa Mwalimu Hamdu.

Hamdu mwana wa Jamiru alizaliwa na kulelewa Mbarara mjini, nchini Uganda, nyuma ya duka la baba yake la vipuri vya baiskeli. Kwao saruji ilianzia mlangoni ikaishia barabarani, na mmea pekee aliowahi kuumwagilia maji ulikuwa ua la mama yake ndani ya kopo la samli. Hata hivyo alichagua kusomea ualimu wa kilimo, na madaftari yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba wenzake chuoni waliyagombania wakati wa mitihani. Tatizo lilikuwa shambani. Mwaka 2008, alipokwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza, mkaguzi wake, Bi. Aishah, alimtazama kipindi kizima kisha akaandika: "Anafundisha kilimo kama mtu anayesoma barua ya jirani. Arudie."

Septemba 2009 akarudia, safari hii katika shule moja ya sekondari ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: aangukaye mara mbili haendi mara ya tatu. Mzee Jamiru naye alikuwa amekwisha kumwekea kiti dukani. "Ikishindikana, mwanangu, usilie," alimwambia. "Baiskeli hazina mkaguzi." Mzee alisema kwa mapenzi tu, lakini Hamdu aliyasikia maneno yale kama mlango unaofungwa. Alitaka kuwa mwalimu. Alilitaka jambo hilo tangu alipokuwa mtoto, alipokuwa akizipanga tairi chakavu mistari mitatu uani na kuzifundisha kuhesabu.

Basi akapanga chumba Rwekubo, mji mdogo wa jirani, na kila asubuhi akafika shuleni kwa pikipiki, shati limepigwa pasi, viatu vyeusi vinang'aa hata ungeweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Alipewa kidato cha pili, wanafunzi arobaini, wengi wao Wakongomani wa Kivu Kusini. Baadhi walikuwa watu wazima, kwa sababu vita viliwanyang'anya miaka ya shule. Viviane, aliyekaa safu ya tatu, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mmoja tu pungufu ya mwalimu wake. Alikuwa msichana mpole mwenye mikono iliyokomaa, aliyeshika jembe kabla hajashika kalamu.

Wiki ya kwanza Hamdu aliweka sheria. Mwalimu husema, mwanafunzi huandika, na maswali ni baada ya kengele. Kisha akafundisha wadudu waharibifu. Alipofika kwa sota, yule kiwavi mnene anayekata miche usiku na kujizika udongoni mchana, alimchora ubaoni. Kwa kuwa hajawahi kumwona hata siku moja, alimchora akajaza nusu ya ubao, mwenye meno na mgongo wa mamba.

Parfait, kijana mcheshi wa dawati la mbele, hakungoja kengele. "Mwalimu, huyu mududu, mutu akimupata, anamuchinja ao anamufunga kamba?"

Darasa likaangua kicheko. Viviane peke yake hakucheka. Alikunja uso akiutazama ubao kama mtu anayejaribu kukumbuka alikokutana na mnyama huyo, kisha akaandika alivyoambiwa.

Kazi ambayo Hamdu angepimwa nayo ilikuwa bustani ya kabichi. Bi. Aishah angekuja Alhamisi ya wiki ya sita, akague miche sitini katika matuta sita na kusikiliza somo likifundishwa papo hapo bustanini. Wanafunzi walilima, wakachanganya samadi, wakahamisha miche kutoka kitaluni. Hamdu alisimama kando juu ya tofali, viatu visije vikala tope, akiwasomea nafasi kati ya mche na mche kutoka daftarini. Mvua ilikuwa njema na miche ikashika. Kwa siku kadhaa alilala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Jumatatu ya wiki ya tano alifika bustanini akakuta miche kumi na tisa imelala chini. Ilikuwa imekatwa usawa wa udongo, safi, kama kwa wembe. Damu ikamchemka. Alifikiri haraka, na kufikiri haraka ndiko kulikomponza. Alikumbuka kwamba Alhamisi asubuhi alimwona Viviane akitoka upande wa shamba la shule na mzigo wa majani mabichi kwapani. Ijumaa yeye mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda Mbarara kuswali na kuwaona wazazi. Akakumbuka pia maneno ya watu wa mjini, kwamba Wakongomani hula kila jani: la kiazi, la boga, hata la muhogo, ambalo kwao Hamdu hakuna aliyelihesabu kuwa chakula. Basi akajumlisha moja na moja, akapata tano.

"Viviane, simama," alisema mbele ya darasa zima. "Hii miche imekatwa na kisu. Alhamisi mimi nilikuona na majani. Ulipeleka wapi?"

Viviane akasimama. "Mwalimu, ile ilikuwa sombe. Na ile miche, nilikuwa nataka kukuambia, ukiinama kidogo pale fasi imekatwa utaona..."

"Mimi hapana taka hadithi. Nyinyi munakula majani yote. Kama ni njaa, kuja sema. Si kuiba miche ya shule."

Viviane aliketi, akafunga daftari lake na kuweka viganja vyote viwili juu yake. Hakulia. Nakuambia, msomaji, afadhali angelia.

Kesho yake kulikuwa na kipindi cha bustanini. Hamdu aliwaamuru wanafunzi wapalilie. Hakuna aliyeshika jembe. Wote arobaini walijipanga kando ya matuta, wima, mikono nyuma, kama yeye alivyozoea kusimama, tena kwa adabu kubwa.

"Mbona hamufanyi kazi?"

"Tunangojea mwalimu aanze," Parfait akajibu, na safari hii hakuwa akitania. "Kwetu mu salongo, mukubwa njo anapigaka jembe ya kwanza. Kisha batu banafwata."

Salongo ni kazi ya pamoja, wanayoifanya majirani kwa ajili ya barabara yao au kisima chao, nao Wakongomani walikuja nayo Nakivale pamoja na masufuria yao. Hamdu alilitazama jembe lililolala mbele yake. Hakuwahi kupiga jembe mbele ya watu, na alijua fika kwamba akipiga vibaya watacheka. Akabaki kulitazama. Kengele ilipolia wote walikuwa bado wamesimama, na magugu nayo yamesimama.

Mchana ule mwalimu mkuu, Mzee Musoni, akamwita ofisini.

"Mwalimu, Alhamisi ulikula nini hapa shuleni?"

"Ugali na mboga, Mzee. Ile mboga ilikuwa tamu sana. Niliongeza."

"Mboga gani?"

"Sijui jina yake."

"Jina yake ni sombe. Ni majani ya mihogo, ile ya nyuma ya jiko. Mimi nilituma Viviane achume, sababu anajua kuchagua laini. Sasa kama yeye ni mwizi, wewe ulikula mali ya wizi, tena sahani mbili."

Hamdu alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. "Sasa mimi nifanye nini, Mzee?"

"Makosa ulifanya mbele ya watu," Musoni akasema akirudi kwenye karatasi zake. "Dawa yake haiko ndani ya ofisi yangu."

Kufikia Ijumaa miche iliyokatwa ilikuwa ishirini na sita. Zilibaki siku sita tu Bi. Aishah afike.

Jumamosi, siku ambayo kwa kawaida ilimkuta Mbarara mbele ya pilau ya mama yake, Hamdu alikwenda nyumbani kwa akina Viviane. Njiani alikuwa ametunga maneno mazuri yanayoanza na "kwa heshima na taadhima". Lakini nyumbani hapakuwa na mtu. Aliwakuta majirani wote barabarani wakizibua mfereji wa maji ya mvua, na aliyekuwa akiwaongoza ni mama yake Viviane, Mama Pascaline, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya kilima. Viviane alikuwa mferejini mle mle, akipiga jembe kana kwamba hakumwona mgeni.

"Karibu, mwana," Mama Pascaline akasema. "Uko na maneno?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya namna gani?"

"Ya kuomba msamaha."

Mama Pascaline alivitazama vile viatu, akapanda na macho polepole hadi kwenye kola ya shati. "Basi ile haiko maneno ya kusema wima. Hapa mutu akisimama wakati bengine banainama, sauti yake inapita juu ya vichwa. Kamata jembe. Tutakusikia huku chini."

Hamdu akavua viatu. Akakunja suruali, akaingia mferejini, akashika jembe. Alipiga la kwanza likateleza, la pili likamrushia tope usoni, na watu wakacheka kama alivyoogopa. Lakini ajabu ni kwamba kicheko chenyewe hakikuuma. Mtu mmoja alimsogezea maji, mwingine akamwachia mahali palipolainika. Baada ya muda viganja vilianza kutunga malengelenge. Hapo ndipo alipojikuta ubavuni mwa Viviane, wote wawili wameinama, na yale maneno ya heshima na taadhima yamemtoka kichwani pamoja na jasho.

"Viviane, mimi nilikosea," alisema. "Wewe hapana mwizi. Ile sombe nilikula mimi. Na niliongeza."

Viviane alipiga jembe mara mbili zaidi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Hamdu akaogopa kwamba amemliza. Alikuwa anacheka.

"Ulisema mbele ya darasa," alisema alipopata pumzi.

"Nitasema tena mbele ya darasa."

"Sawa. Na usishike jembe vile, mwalimu. Unalishika kama muti ya bendera. Teremusha mukono moja." Akamwonyesha. Kisha akaongeza, "Siku ya kwanza, Jumatatu, ukuje mapema, jua haiyapanda. Nitakuonyesha mwizi yako."

Mchana wakampa ugali kwa sombe, akala safari hii akijua anachokula. Alirudi Rwekubo amechubuka viganja vyote viwili, na alikuwa na furaha ambayo hakuipata tangu aanze chuo.

Jumatatu, kabla ya jambo lolote, alisimama mbele ya wanafunzi arobaini akayasema yale yale aliyosema mferejini, bila kupunguza zile sahani mbili. Darasa lilicheka, Viviane akaitikia kwa kichwa, wakatoka wote kwenda bustanini umande ukiwa bado haujakauka. Usiku wa kuamkia siku hiyo miche mitatu mingine ilikuwa imekatwa.

"Inama, mwalimu," Viviane akasema.

Hamdu akainama.

"Bado."

Akachuchumaa.

"Bado. Piga magoti."

Akapiga magoti juu ya udongo uliochanganyika na samadi. Viviane akaingiza kidole kando ya mche uliokatwa, kina cha pingili moja, akafukua taratibu. Chini pale, amejikunja kama pete, rangi moja na udongo, alikuwapo kiwavi mnene asiyefika urefu wa kidole cha mwisho.

"Huyu njo mwizi. Usiku anakula, muchana analala hapa hapa karibu na kazi yake. Mutu akisimama hamuonake."

Hamdu alimsogelea yule mdudu kwa uso. "Sota," akasema.

"Huyu?" Parfait akasogea. "Ule wa ubao alikuwa tembo!"

"Huyu ninamujua tangu niko mutoto," Viviane akasema. "Ule wa ubao njo sikumujua."

Hamdu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikamwisha. Kumbe alikuwa amewafundisha habari za mdudu asiyemjua, na kila alipopita bustanini alikuwa akimkanyaga. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilianza kukuambia."

Tangu siku ile maswali yakaruhusiwa kabla ya kengele.

Asubuhi ile darasa zima lilitambaa matutani likafukua sota thelathini na wanane, na kuku wa mpishi wa shule wakafanya karamu. Mama Pascaline alituma debe la majivu. Viviane akawaonyesha wenzake namna ya kuchana maganda makavu ya mgomba na kuuviringishia kila mche kola, nusu chini ya udongo na nusu juu, ili mdudu akija akutane na ukuta. Mapengo wakayajaza kwa miche iliyosalia kitaluni. Hamdu alifunga kola ishirini na mbili kwa mkono wake. Mbili zilifunguka, akazifunga tena.

Alhamisi alfajiri, pamoja na hayo yote, alikuta mche mmoja umekatwa, tena tuta la mbele kabisa, ambapo jicho la mkaguzi lingetua kwanza. Kola yake ilikuwa imelegea. Hamdu aliuokota. Kuutupa nyuma ya ua kungechukua nusu dakika, na mwaka uliopita asingesita. Aliushika kidogo, akakifikiria kile kiti cha dukani, kisha akaurudisha pale pale ulipokuwa.

Bi. Aishah alifika saa tatu, amevaa gambuti na kushika faili lake. Alisimama ukingoni mwa bustani akaona migongo arobaini na mmoja imeinama.

"Mwalimu iko wapi?"

"Niko hapa, madamu." Mgongo mmoja ukanyooka, na mwenyewe ana tope kifuani.

Bi. Aishah akaandika kitu. Alitembea tuta hadi tuta, akaona miche mikubwa na midogo imechanganyika kama meno ya mtoto. "Hii ndogo, kwa nini?"

Hamdu akaeleza. Alieleza miche iliyokatwa, na mchoro wa mamba, na jinsi alivyomwita mwanafunzi mwizi mbele ya wenzake. Hapo kalamu ya Bi. Aishah ikasimama.

"Mwanafunzi gani?"

Viviane akanyoosha mkono.

"Ulimsamehe?"

"Alilima na siye mu salongo, madamu. Alilima mubaya, lakini alilima."

Bi. Aishah hakutabasamu. Alielekeza kalamu kwenye mche ulioanguka mbele. "Hii imekatwa leo. Mwalimu, nionyeshe huyo mdudu. Si kwa ubao. Hapa."

Hamdu akapiga magoti. Akafukua upande wa kulia wa shina, hapakuwa na kitu. Akafukua upande wa kushoto, udongo mtupu. Viviane alikuwa amebana mikono yake kwapani isije ikaonyesha yenyewe. Hamdu akakumbuka: analala karibu na kazi yake. Akageuka, akaingiza kidole chini ya ile kola iliyolegea, akagusa kitu laini. Alimtoa, akamweka katika kiganja cha mkaguzi.

Bi. Aishah akamtazama sota akijikunjua mkononi mwake. "Miaka kumi na nne mimi nafundisha huyu mdudu," alisema polepole. "Siku ya mwisho kumshika sikumbuki."

Akamrudishia Hamdu, akafuta mkono, akaandika mstari mmoja, akachana karatasi na kumpa mbele ya wote. Parfait aliisoma kwa juu ya bega la mwalimu, kwa sauti, kabla mwenyewe hajaweza: "Magoti yana udongo. Amefaulu."

Vigelegele vya siku ile vilimtoa hata mpishi jikoni. Huko Mbarara, Mzee Jamiru alipopata habari alikitoa kile kiti nje ya duka akakikalia mwenyewe, akimweleza kila mteja kwamba mwanawe ni mwalimu wa kilimo. Naye Hamdu, kila alipofundisha wadudu waharibifu, alimchora sota wa urefu wa kidole tu, kisha akavua viatu na kulitoa darasa nje. Alichokitafuta miaka miwili akiwa wima kilikuwa kimejikunja udongoni, pingili moja tu ya kidole chini ya viatu vyake, kikingoja apige magoti. Wahenga hawakukosea hata kidogo: mtaka cha mvunguni sharti ainame.